Tunaonana kila siku, hatujuliani hali

Tarehe 30 Juni 2025, tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani kuchunguza mahusiano ya watu katika jamii ilitoa ripoti yake. Mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, ilisema, na upweke huo unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka, yaani takriban 100 kila saa. Takwimu hizo zinatisha, na zilisambaa haraka. Lakini zilipokuwa zikipita kutoka simu hadi simu zilibebeshwa hukumu ambayo haikuwamo: kwamba simu ndiyo iliyoua urafiki. Miezi mitano baadaye, tarehe 10 Desemba 2025, Australia ikaanza kutekeleza sheria inayozuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na kwa wengi kesi ikawa imefungwa. Turudi kukutana ana kwa ana, wanasema, urafiki wa kwenye skrini si urafiki.

Naamini hukumu hiyo imekosea, na kosa lenyewe linatugharimu, kwa sababu tunahangaika na kifaa huku kinachotutenganisha kikiendelea na kazi yake. Kuwasiliana mtandaoni hakuui urafiki. Kinachouua ni jambo dogo zaidi na la kimyakimya zaidi, nalo ni kuangaliana bila kusemezana. Simu imetupa njia ya kupata habari za rafiki bila kumuuliza, na urafiki usioulizana hufa huku wenyewe wakidhani bado uko hai. Mpaka tunaopaswa kuuchora haupiti kati ya mtandaoni na ana kwa ana. Unapita kati ya kumsemesha mtu na kumtazama, na pande zote mbili za mpaka huo zimo ndani ya simu ileile.

Tuanze na ripoti yenyewe, maana wengi wanaoinukuu hawakuisoma zaidi ya kichwa cha habari. Humo mna takwimu moja ambayo ingetosha kuwafanya washtaki wa simu wasite: katika nchi za kipato cha chini, takriban asilimia 24 ya watu walisema wana upweke, wakati katika nchi tajiri ilikuwa takriban asilimia 11. Kama skrini ingekuwa ndiyo chanzo kikuu, tungetarajia kinyume chake, kwa kuwa nchi tajiri ndizo zenye vifaa vingi, intaneti ya kasi na saa nyingi za kuitumia. Ripoti inataja sababu kadhaa zinazoshikana: afya mbovu, kipato kidogo, elimu ndogo, kuishi peke yako, jamii kukosa mahali na huduma za kuwakutanisha watu, na pia teknolojia ya kidijitali. Teknolojia imo, ila ni mmoja wa washtakiwa, tena hatajwi kama kiongozi wa genge. Sisemi takwimu hiyo inaisafisha simu. Nchi maskini na nchi tajiri zinatofautiana kwa mambo mengi, na upweke ni kitu kipana kuliko kukosa marafiki. Ninachosema ni kwamba anayeishika ripoti hii kama ushahidi dhidi ya mawasiliano ya mtandaoni ameshika karatasi isiyosema anachotaka iseme.

Sheria ya Australia nayo imeeleweka vibaya kwa namna ileile. Inasimuliwa kana kwamba serikali iliwatoa watoto mtandaoni. Sheria inaitaka mitandao kuchukua hatua za maana kuzuia akaunti za walio chini ya umri huo, na inayokaidi inaweza kutozwa faini ya hadi dola za Australia milioni 49.5. Lakini huduma ambazo kazi yake kuu ni kutumiana ujumbe zimeachwa nje, WhatsApp ikiwamo. Mtoto wa miaka 14 hawezi kuwa na akaunti kwenye jukwaa la kuposti na kutazama, ila anaweza kumwandikia rafiki yake, kumpigia, kumtumia ujumbe wa sauti. Unaweza kuipinga sheria hiyo kwa sababu nyingine, na zipo. Hata hivyo waliotunga walitambua kile ambacho mjadala wetu unakipita: kuzungumza na mtu na kutazama watu ni shughuli mbili, hata kama zote mbili zinafanywa kwa kidole kimoja kwenye kioo kimoja.

Hofu yenyewe ina umri. Mwaka 1998, Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha utafiti uliofuatilia watu 169 katika kaya 73 za Pittsburgh, watu waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza au wa pili wa kutumia intaneti. Waliona kwamba kadiri mtu alivyoitumia zaidi, ndivyo mazungumzo na familia yalivyopungua, mzunguko wa marafiki ukasinyaa na upweke ukaongezeka kidogo. Magazeti yaliipokea habari hiyo kwa shangwe. Mwaka 2002 watafiti haohao waliwarudia watu walewale, wakakuta madhara mengi yameyeyuka. Na katika kundi jipya walilolipima, matokeo kwa jumla yalikuwa mazuri, hasa kwa wale waliokuwa tayari na watu wa kuwategemea. Utafiti wa kwanza bado unanukuliwa. Wa pili unajulikana na wachache. Kati ya tafiti hizo mbili intaneti yenyewe ilikuwa imebadilika, na watu waliokuwa wakijuana walikuwa wameingia humo kwa wingi, kwa hiyo sasa ungeweza kumpata humo mtu uliyekwisha kumjua na kumpenda.

Hata hivyo hoja ya wanaotetea kukutana ana kwa ana ni nzito na sitaki kuipunja. Uzito wake wa kwanza uko kwenye saa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 makadirio ya muda unaohitajika watu wapate kuwa marafiki: kama saa 50 kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama saa 90 kufikia urafiki hasa, na zaidi ya saa 200 kufikia urafiki wa karibu. Saa za kufanya kazi pamoja zilihesabika kidogo. Zilizojenga ni saa za kukaa, kupiga soga, kucheza, kufanya mambo yasiyo ya lazima. Sasa weka hesabu hiyo kando ya waraka alioutoa mwaka 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani. Ulieleza kwamba muda Wamarekani wanaokaa na marafiki zao uso kwa uso ulishuka kutoka kama dakika 60 kwa siku mwaka 2003 hadi dakika 20 mwaka 2020. Mwaka 2020 ulikuwa wa karantini, lakini mteremko ulianza miaka mingi kabla yake. Dakika 20 kwa siku ni saa 10 kwa mwezi, na hizo zinagawanywa kwa marafiki wote. Kwa mwendo huo, kumpata rafiki mmoja wa karibu kungemaliza karibu miaka miwili, wengine wote wakiwa wamewekwa pembeni.

Uzito wa pili uko mwilini. Mwaka 2012, Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walichapisha jaribio walilolifanya na wasichana wa miaka 7 hadi 12. Waliwapa kazi ya kutia kiwewe, kuzungumza na kufanya hesabu mbele ya watu, kisha wakawagawa: wengine wakakaa na mama zao, wengine wakazungumza nao kwa simu, wengine wakaandikiana nao ujumbe kwenye kompyuta, na wengine hawakuwasiliana na mama kabisa. Waliokaa na mama na waliosikia sauti yake, homoni ya wasiwasi ilishuka na homoni ya ukaribu, oksitosini, ikapanda. Walioandikiana walikuwa kama wale ambao hawakuwasiliana na mama hata kidogo. Nimelifikiria jaribio hilo mara nyingi. Mama alikuwa yuleyule, upendo uleule, na bila shaka maneno yalikuwa yaleyale ya kubembeleza, lakini yalipofika kwa maandishi mwili wa mtoto haukuyapokea kama faraja.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaoishia kusema "mtandao haufai". Katika jaribio hilo, sauti ya simu ilikaa upande mmoja na kukumbatiwa. Mpaka ulipita kati ya sauti na maandishi, na anayekuambia kwamba mawasiliano yote ya mbali ni bandia ameusogeza mahali ambapo ushahidi haukuuweka. Mwaka 2021 Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha majaribio yanayoeleza ni kwa nini tunaikwepa sauti. Waliwaomba watu wafikirie kumtafuta rafiki wa zamani. Wengi walitabiri kwamba simu ingejenga ukaribu zaidi, lakini walitaka kuandika, wakihofu kupiga kungewatia aibu na kigugumizi. Kisha wakapangiwa kwa bahati nasibu, wengine wapige, wengine waandike barua pepe. Waliopiga walihisi ukaribu mkubwa zaidi, na aibu waliyoiogopa haikuja. Muda walioutumia haukutofautiana sana na wa walioandika. Katika jaribio jingine la watu wasiojuana, kuongeza picha ya video hakukuleta tofauti kubwa juu ya sauti. Ni hofu ya sekunde kumi za kwanza inayotufanya tuandike "za siku nyingi" na kungoja, wakati tungeweza kupiga na ndani ya dakika moja tukawa tunacheka.

Upande wa pili wa mizani una watu ambao kwao mlango wa pekee ni mtandao. Mats Steen alikuwa kijana wa Norway aliyezaliwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli mpaka mtu hawezi kujiinua. Saa nyingi za maisha yake alizipitisha ndani ya mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25, na wazazi wake waliamini kwamba mwana wao ameondoka bila kuonja urafiki. Baba yake alipoandika habari ya msiba kwenye blogu ya kijana huyo, ujumbe ulianza kumiminika kutoka nchi mbalimbali, watu wakieleza jinsi Mats alivyowasikiliza, alivyowapa ushauri, alivyowakumbuka. Baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Wanaopenda kusema fimbo ya mbali haiui nyoka wamweleze baba huyo kwamba wale hawakuwa marafiki. Na tuangalie vizuri Mats alikuwa akifanya nini mle ndani. Hakuwa akipitisha macho kwenye picha za watu. Alikuwa akiongea nao, mmoja mmoja, kwa majina, siku baada ya siku, wakiwa na kazi ya kufanya pamoja. Saa alizozitaja Hall alizilipa zote, ila alizilipia mahali pengine.

Kati ya pande hizi mbili kuna hoja ya tatu, inayopendwa na wote, nami naiona dhaifu kuliko zote. Inasema rafiki wa kweli hahitaji kuwasiliana. Mnaweza kukaa miaka mitano bila neno, na siku mkikutana mnaendelea pale mlipoishia. Ni maneno matamu kwa sababu yanatusamehe. Sam Roberts na Robin Dunbar waliwafuatilia vijana wa Uingereza kwa miezi 18 walipokuwa wakimaliza shule na kutawanyika, wengine vyuoni, wengine kazini. Ukaribu na ndugu wa damu ulihimili. Ukaribu na marafiki ulishuka pale ambapo juhudi hazikuongezwa, na wala haukuchukua miaka mitano. Wasichana walihifadhi urafiki wao zaidi kwa kuzungumza, wavulana zaidi kwa kufanya mambo pamoja, lakini hakuna aliyeuhifadhi kwa kukaa kimya. Mbona basi msemo ule unaonekana kweli? Kwa sababu tunawahesabu wale wachache tuliokutana nao tena tukacheka kama zamani. Wale ambao hatukukutana nao tena, au tulikutana tukaulizana kazi na watoto kisha maneno yakatuishia, hatuwahesabu. Tumewaondoa kwenye orodha, halafu tunashangaa kwamba orodha ina wazima watupu.

Nina sababu ya kuandika haya kwa uchungu. Rafiki yangu mmoja, mtu tuliyekuwa naye tangu tukiwa na miaka 17, alipoteza kazi, na miezi michache baadaye ndoa yake ikavunjika. Mimi nilijua habari hizo mwaka mzima baadaye, kwa kuambiwa na mtu wa pembeni. Sikuwa nimemsahau. Nilikuwa nikimwona kila siku asubuhi kwenye stetasi: machweo ya jua, aya ya kutia moyo, picha ya mtoto akiwa kwenye sare ya shule. Nilipofungua mazungumzo yetu na kupandisha juu, nilikuta vitu vinne vya mwisho kutoka kwangu ni mioyo mitatu na dole gumba moja. Swali la mwisho nililomuuliza lilikuwa na umri wa miezi 14. Nilimpigia usiku uleule. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, nilidhani unajua ukaamua kunyamaza. Maana kila siku naona umeangalia."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifundisha tofauti kati ya zama hizi na zile za kupotezana kwa umbali. Zamani ukinyamaza, kimya chako kilikuwa na maelezo mengi: huenda barua imepotea, huenda amesafiri, huenda hajui. Aliyenyamaziwa alikuwa na uhuru wa kukudhania wema. Leo jukwaa linamwonyesha jina lako kwenye orodha ya waliotazama, pamoja na saa uliyotazama. Kimya chako kimepigwa muhuri. Wewe unahisi umekuwa karibu naye, yeye anapata ushahidi kwamba ulimwona na hukusema kitu. WhatsApp ilipoleta stetasi za picha na video zinazofutika baada ya saa 24, mwezi Februari 2017, wengi tuliipokea kama njia nyepesi ya kuwa pamoja. Kwa marafiki wengi imegeuka kuwa njia nyepesi ya kuwa mashahidi wa maisha ya wenzao.

Lugha yetu ililiona jambo hili kabla ya vifaa. Tunasema kujuliana hali, na uzito wa neno hilo uko kwenye ile "-ana" ya mwisho: huwezi kulifanya peke yako. Lazima mmoja aulize na mwingine ajibu, kisha aliyejibu aulize naye. Stetasi imeibakiza hali ikaiondoa "-ana". Kuna na kauli nyingine ambayo zamani ilifanya kazi kubwa bila sisi kuitambua: "Umepotea!" Unakutana na mtu au unampigia baada ya kimya kirefu, na neno la kwanza ni hilo. Ni lawama, ni mapenzi, ni ombi la maelezo, vyote kwa mpigo, na linamfungulia mwenzako mlango wa kusimulia yote yaliyompata. Sasa mtu uliyeiona picha yake saa mbili zilizopita utamwambiaje amepotea? Hajapotea. Mbele ya macho yako yupo. Na kwa kuwa hajapotea, hakuna anayemtafuta.

Makundi ya WhatsApp nayo yana sehemu yao. Mtu anafiwa, anaandika kwenye kundi la wenzake aliosoma nao, na ndani ya robo saa "pole sana" arobaini zimepangana, nyingi zimenakiliwa kutoka kwa aliyetangulia. Waliotuma wana nia njema, nami nimetuma hizo mara nyingi. Lakini kila mmoja akiona zile thelathini na tisa za wenzake anahisi mfiwa ameshughulikiwa, na jioni mfiwa huyo anaweza kukaa na simu yenye ujumbe arobaini bila mtu hata mmoja aliyemuuliza amelala vipi.

Ushahidi wa tofauti hii upo, na kwa sehemu umetoka ndani ya sekta yenyewe. Mwaka 2016 Moira Burke, mtafiti wa Facebook, pamoja na Kraut yuleyule wa mwaka 1998, walichapisha utafiti uliohusu watumiaji karibu 1,900. Watu waliopokea ujumbe ulioandikwa kwa ajili yao, kutoka kwa watu wao wa karibu, hali zao ziliimarika. Waliopata laiki za mguso mmoja, au waliosoma tu vilivyopostiwa kwa wote, hazikuimarika hivyo. Mtu aweza kuutilia shaka utafiti unaomhusu mwajiri wa mtafiti, na ni haki yake, ingawa matokeo hayo hayakuwa ya kuisifu bidhaa yenyewe: kitufe chake mashuhuri kuliko vyote ndicho kilichoonekana kutofaa. Tafiti nyingine, zilizouliza kama kutazama kunaleta huzuni, zimetoa majibu yanayopingana, na sitajenga hoja yangu juu ya huzuni. Mtu anaweza kutazama saa nzima akainuka na furaha yake. Ninachouliza ni kama rafiki anayetazamwa amepata kitu.

Kuna pingamizi moja dhidi yangu ambalo naliheshimu. Kutazama, mtu ataniambia, ni bora kuliko kutokuwa na habari kabisa. Siku ukitaka kumsemesha rafiki una pa kuanzia, umeona mtoto amefaulu, umeona amehama. Ni kweli, na kuna watu wenye haya, au wenye kazi za usiku, ambao bila vipande hivyo wasingekuwa na pa kushika. Dunbar amekadiria kwa miaka mingi kwamba binadamu anamudu mahusiano kama 150, na kati ya hayo ni watu kama 5 tu walio kwenye duara la ndani kabisa. Kwa wale wa nje ya duara, kutazama kunatosha, na labda ni neema: mtu niliyesoma naye miaka iliyopita, nafurahi kuona yuko salama, wala hahitaji nimpigie. Hatari iko pale ambapo tunawapa wale watano huduma iliyowafaa wale mia na zaidi. Skrini inawapanga wote kwenye mstari mmoja, picha moja baada ya nyingine, rafiki wa roho akiwa kati ya muuza viatu na mtu tuliyekutana naye semina, na kidole kinawapita wote kwa kasi ileile.

Tukiukubali mpaka huu, mambo kadhaa yanabadilika. La kwanza ni swali ambalo serikali na wazazi wanajiuliza. Kupiga marufuku akaunti kunaweza kupunguza kutazama, lakini hakuzai hata saa moja kati ya zile 200. Saa hizo zinatoka kwenye ratiba za kazi zinazomwachia mtu jioni yake, na kwenye mahali ambapo vijana wanaweza kukaa bila kununua kitu na bila kufukuzwa. Waandishi wa ripoti ya 2025 waliliona hilo walipotaja sehemu za kukutania na umaskini. Ni mambo ya gharama na ya miaka mingi, ndiyo maana ni rahisi zaidi kuongelea simu.

La pili ni jinsi tunavyogawa njia. Caroline Haythornthwaite, aliyechunguza watu wanavyowasiliana makazini na vyuoni, alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba watu walio karibu zaidi hutumia njia nyingi zaidi: wanaandikiana, wanapigiana, wanakutana, na kila njia inaivuta nyingine. Walio mbali kimahusiano hushikilia njia moja, na ikikatika wamekatika. Inawezekana ukaribu ndio unaozaa wingi wa njia. Lakini kwa vyovyote vile, picha ya mtu anayechagua kati ya kuchati na kukutana haifanani na maisha ya marafiki wenyewe. Maandishi yanafaa kwa vitu vidogo vya kila siku, kwa utani, kwa kupanga tutakutana lini. Mtu akiwa kwenye dhiki, wale wasichana wa Wisconsin wametuonyesha kwamba maandishi huenda yasiufikie mwili wake, basi piga. Na yapo mambo ambayo hata sauti haiyawezi: kukaa na mtu asiyetaka kuongea, kubeba naye mizigo siku anapohama, kuona kwamba amekonda. Kwa hayo inabidi uende, na kama huwezi kwenda, usijidanganye kwamba umekwenda.

La tatu linahusu ile hofu ya kwamba tumechelewa. Peggy Liu na wenzake walichapisha mwaka 2022 mfululizo wa majaribio yenye zaidi ya washiriki 5,900 kuhusu watu wanaowatafuta wenzao baada ya kimya. Kwa jumla, anayetafuta alidharau kiasi ambacho mwenzake angefurahi, na kadiri ujumbe ulivyomshtukiza aliyetafutwa ndivyo alivyouthamini zaidi. Maana yake kimya kirefu, ambacho sisi tunakiona ni deni linalozidi kukua, kwa upande wa pili kinaifanya simu yako iwe na thamani kubwa zaidi.

Mimi nimezizima stetasi za rafiki yangu yule, na za wengine wanne. Sizioni tena. Mwanzoni nilijihisi kama ninayemtupa mtu, na wiki ya kwanza kidole kilikwenda chenyewe kuzitafuta. Sasa nikitaka kujua mtoto wake anaendeleaje shuleni, hakuna njia nyingine ila kumuuliza. Mwezi uliopita kazi zilinielemea, zikapita wiki tatu bila neno. Nilipompigia, kabla sijamaliza salamu alinikatiza kwa sauti ya juu, "Wewe! Umepotea!" Nikamwambia ni kweli, nimepotea, naye hajui kwamba nilikaa kitako kabla ya kumjibu, maana nilikuwa sijaambiwa hivyo kwa miaka mingi. Kisha nikamuuliza, naye akaanza kunisimulia.